Shaka yangu naielekeza kwa nani

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Mwanasiasa akituonya kuhusu mazingira, tumwamini au tujiulize anatafuta nini?" Nimelisoma nikiwa dukani kwangu, Langoni, Lamu, nikaona jibu langu halitatosha kwenye mistari miwili. Mimi ni mtoto wa mkata mikoko. Neno "mazingira" lilibisha hodi kwetu likiwa limeshika marufuku mkononi, kwa hiyo msinishangae nikianza na shaka.

Februari 2018 serikali ya Kenya ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma nchi nzima. Mito ya bara ilikuwa inakauka na misitu ya milimani inateketea kwa misumeno. Amri ikasemwa ni ya miezi 3, kisha ikaongezwa. Mikoko yetu ikatiwa kapu moja na miti ya milimani, ingawa mkoko unaishi kwenye maji ya chumvi na haulishi mto wowote wa bara. Baba alikuwa na korija 7 za boriti, ile miti minene ya mikoko, na mazio, iliyo myembamba kuliko boriti, yaani miti 140, imeshakatwa na kuletwa mjini kabla ya amri. Hakuna nahodha aliyethubutu kuipakia. Ikalala uani mpaka magome yakabanduka na miti ikawa rangi ya majivu. Kila baada ya sala ya alfajiri nilimsikia akiigeuza mmoja mmoja ili upande wa chini usiliwe na mchwa. Mwenye kumuuliza wanawe wanakula nini hakutokea.

Miaka hiyohiyo, pale Kwasasi, ng'ambo ya kisiwa, palikuwa pamepangwa kujengwa kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050. Leseni ya mazingira ilikuwa imetolewa tangu 2016. Kwa hiyo mtu mwenye shoka aliambiwa anaiharibu nchi, na wakati huohuo akaambiwa moshi wa makaa hauna neno. Waliopeleka shauri ni watu wa Lamu wenyewe, na Juni 2019 jopo la rufaa za mazingira likaifuta leseni kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tangu hapo kiongozi yeyote akisema "tulinde mazingira", jambo la kwanza ninalotazama ni nani ataambiwa aache kazi yake.

Na hofu ina bajeti. Mwaka 2015 tulionywa El Niño inakuja, yaani joto la Bahari ya Pasifiki linalotuletea mvua kubwa, mabilioni yakatajwa, na mvua haikufikia ile ya 1997 tunayoikumbuka. Watu wakasema fedha ndiyo iliyotabiriwa. Mimi nilikuwa mmoja wao, tena wa sauti ya juu pale barazani.

Ndiyo maana 2023 nilikosea. Watabiri wa hali ya hewa walianza kuonya mapema kwamba El Niño inarudi. Sababu waliitaja wazi: maji ya Pasifiki yamepata joto, na upande wetu wa Bahari ya Hindi nao umekuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, na mambo hayo mawili yakikutana mvua za vuli Afrika Mashariki huzidi. Sikuwasikiliza. Nilichosikia ni kaunti zikiomba fedha za dharura, nikasema haya, walaji wamerudi. Oktoba ikatangazwa kutoka juu kabisa kwamba El Niño haiji, itakuwa mvua nyingi tu. Habari hiyo niliipokea kwa mikono miwili. Sikuiuliza swali hata moja, kwa kuwa ilinifurahisha.

Novemba maji yaliikata barabara ya Garsen kuja Lamu, huko upande wa Gamba. Lori lililobeba mzigo wangu lilikwama siku kadhaa katikati ya malori mengine, turubai lake limechanika pembeni. Mzigo ulipofika Mokowe na kuvushwa kwa boti, nilifungua gunia la kwanza la unga nikatia mkono mpaka kwenye kiwiko. Juu ulikuwa mkavu. Chini nilikuta mabonge, na ndani ya mabonge kulikuwa na joto kama la mkate uliotoka tanuri, na harufu ya kuchacha. Magunia 11 yalikuwa hivyo. Nilifungua moja baada ya jingine mpaka adhuhuri, na mke wangu alisimama mlangoni bila kusema kitu. Hayo ni magunia tu. Kwingineko nchini mvua ile iliua watu zaidi ya 100.

Basi jibu langu kwa swali lenu ni kwamba mmeuliza nusu. Mnasema tujiulize anayetutisha anatafuta nini. Na anayetutuliza je? Naye ni mwanasiasa, naye ana hesabu zake: hataki kuulizwa fedha ziko wapi, hataki mwekezaji akimbie, hataki kuonekana hakujitayarisha. Lamu tumetishwa kuhusu shoka na tukatulizwa kuhusu makaa, na pande zote mbili palikuwa na mtu wa kufaidika. Mimi nilikuwa na ulimi mkali kwa watishaji tu. Mtulizaji nilimwachia mlango wazi.

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, uvuvi ulisimamishwa pwani nzima. Kikaishia Tanzania kikiwa kimepungua nguvu, na wavuvi hapa walilalamika wamekoseshwa riziki bure. Riziki walikoseshwa kweli, na aliyetoa amri angepaswa kufikiria watakula nini siku zile. Lakini sikukubali neno "bure". Desemba 26, 2004, tsunami ilipotufikia, Bahari ya Hindi nzima haikuwa na mfumo wa tahadhari. Nani anataka kurudi huko?

Kuna jambo lilinikaa moyoni muda mrefu. Mwaka jana nilimuuliza baba, tumekaa barazani baada ya magharibi, kama ile amri ya mikoko ilikuwa uongo mtupu. Nilitegemea aseme ndiyo, maana ndiye aliyepoteza. Alinyamaza kidogo, akaniambia kwamba ujanani walikuwa wakitoka na maji ya asubuhi na kurudi na boriti nzuri siku ileile. Alipokuwa anaacha kazi walilala huko siku nne, tano, mpaka mito ya Dodori, na walirudi na mazio.

"Amri ile ilikuwa dhuluma, mwanangu," akasema. "Lakini boriti za karibu twalizimaliza wenyewe."