Maswali ya Wasomaji: Kuvusha Gari Lisilo na Nambari Mpakani Busia

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na binamu yangu tumeunda gari dogo la mashindano ya uwanjani hapa Kisumu. Fremu tuliichomelea wenyewe kwa mabomba ya chuma, na injini tuliitoa katika Subaru iliyopata ajali. Gari hili halina nambari ya usajili wala logibuku, na hatukusudii kulisajili kwa kuwa halitaendeshwa barabarani. Sasa tumealikwa kushindana karibu na Jinja, nchini Uganda. Ninayo pikapu yenye bima kubwa, na nilikusudia kulivuta gari letu kwa chuma cha kuvutia kupitia Busia. Wakala wangu wa bima ameniambia kwamba pikapu ikiwa na bima, kila kinachofungwa nyuma yake kina bima. Je, ni kweli? Na mpakani tutadaiwa vibali gani? Msomaji wa Nyalenda, Kisumu.

JIBU: Ndugu msomaji, maneno ya wakala wako yana chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayoweza kukuponza. Bima nyingi za magari ya binafsi hapa nchini zina kifungu kinachoiruhusu gari yenye bima kuvuta gari moja lililoharibika, mradi halivutwi kwa malipo, na kifungu hicho hicho husema wazi kwamba kampuni haitalipia madhara yatakayolipata gari linalovutwa wala mali iliyomo ndani yake. Lisome tena neno hilo "lililoharibika". Kifungu kiliwekwa kwa ajili ya mtu anayemwokoa mwenzake aliyekwama njiani, si kwa ajili ya mtu anayefunga safari ya makusudi na gari zima ambalo halijawahi kusajiliwa. Ajali ikitokea, mkaguzi wa kampuni ataanzia hapo.

Tena kuna sheria yenyewe. Sura ya 405 ya Sheria za Kenya inamkataza mtu yeyote kutumia gari barabarani, au kuruhusu litumiwe, bila bima ya kumlinda mtu wa tatu, yaani mtu mwingine yeyote atakayedhuriwa na gari hilo. Gari lenu likiwa na magurudumu manne juu ya lami, usukani ukishikwa na binamu yako, si rahisi kumshawishi askari au hakimu kwamba hilo si gari lililo barabarani. Nawe fikiri njia mtakayopita: Kisian, Maseno, Luanda, Yala, Ugunja, Bumala. Siku ya soko watu huuza ndizi hatua mbili tu kutoka ukingo wa lami. Bima ya mtu wa tatu humlipa kila aliyejeruhiwa hadi kiwango cha shilingi milioni 3, lakini kama kampuni itathibitisha kwamba safari haikuwa ndani ya mkataba, madai hayo yatakurudia wewe, pikapu yako na kiwanja chako.

Kwa hiyo ninakushauri, tena kwa mkazo, msilivute gari hilo likiwa chini. Lipandisheni juu ya trela iliyosajiliwa, au mkodi lori la kubebea magari. Magurudumu yakiwa chini ni gari. Yakibebwa yote manne ni mzigo, na mzigo hauhitaji nambari ya usajili wala bima ya barabara ya kwake peke yake. Mabadiliko hayo yanarahisisha mambo kwa polisi, kwa kampuni ya bima na kwa forodha pia.

Trela iwe na nambari zake yenyewe, zile zinazoanza na herufi Z, na isiwe imebandikwa tu nambari ya pikapu kama wengine wanavyofanya. Iwe na taa zinazowaka pamoja na za pikapu, viakisi mwanga nyuma, na breki zake kama uzito unazihitaji. Wakati wa kwenda mtapanda kutoka Kisian hadi Maseno na injini ndiyo itakayolalamika, lakini wakati wa kurudi mtauteremka mlima huo huo mkiwa mmechoka, na trela isiyo na breki husukuma pikapu kutoka nyuma hadi dereva akajikuta hana la kufanya. Lifungeni gari kwa mikanda minne ya kukazia, mmoja kila pembe, uzungushwe kwenye fremu na si kwenye usukani wala bampa, kisha msimame baada ya kilomita chache mkaikaze tena, kwa sababu mikanda hulegea gari likishatulia kwenye springi zake.

Sasa nenda kwa wakala wako na umtake akujibu kwa maandishi, si kwa simu. Muulize kama trela imeandikwa katika mkataba wa pikapu, kwa nambari yake, kwani mara nyingi trela isiyotajwa haimo. Muulize mkataba unafika wapi; ukurasa wa kwanza huwa na mstari unaotaja eneo, na kama eneo hilo ni Kenya pekee, bima yako kubwa inaishia Busia. Halafu muulize gari lenyewe la mashindano litalipiwa na nani likidondoka au likiibwa njiani, kwa maana bima ya pikapu hailipii mzigo uliobebwa. Kwa hilo mnahitaji bima ya mizigo safarini, inayotaja kitu chenyewe, thamani yake, mahali kinapotoka na kinapokwenda, kwenda na kurudi. Na mkifika uwanjani, jueni kwamba bima za kawaida za magari hazigusi mashindano ya mbio hata kidogo, hivyo waulizeni waandalizi wana bima gani kwa madereva na watazamaji kabla hamjawasha injini.

Ukivuka mpaka, pikapu itahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya mtu wa tatu inayotambuliwa na nchi zilizo katika mpango wa soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Mpango huu ulianza kufanya kazi mwaka 1987, na kadi hutolewa na kampuni ile ile iliyokukatia bima nyumbani. Humlinda mtu wa tatu kwa kiwango kinachotakiwa na sheria ya nchi unayoingia, na husaidia gharama za matibabu ya dereva na abiria. Hailipii pikapu yako ikiharibika. Kama unataka bima kubwa ikufuate hadi Jinja, omba nyongeza hiyo kando na uilipie. Hakikisha Uganda imo miongoni mwa nchi zilizoruhusiwa kwenye kadi yako, na kwamba trela imetajwa. Hapa niseme jambo ambalo nimeliona likiwachanganya watu zaidi ya mara moja: kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo ni ya njano, nayo yaweza kuulizwa mpakani, na mtu akiambiwa "leta kadi ya njano" hutoa iliyo karibu. Bebeni zote mbili.

Jambo la forodha ndilo linalohitaji subira zaidi, na ndilo watu hulipuuza. Afisa wa forodha hana shida na gari kukosa nambari ya usajili. Shida yake ni kujua kwamba kitu kitakachorudi ndicho kile kile kilichotoka, na kwamba huko kilikokwenda hakikuuzwa. Gari la kiwandani lina nambari ya chasi. Fremu yenu ya mabomba haina. Kwa hiyo itieni alama. Chukueni nyundo na zile herufi za chuma za kugongea, mchague bomba kubwa lililo karibu na kiti cha dereva, mlisugue rangi hadi chuma king'ae, kisha mgonge nambari ya kudumu ya herufi na tarakimu mtakazoamua wenyewe. Pakeni vanishi juu yake isishike kutu. Andikeni nambari hiyo pamoja na nambari ya injini kwenye karatasi yenye maelezo ya gari: rangi, vipimo, uzito, idadi ya magurudumu ya akiba, hata orodha ya vifaa mnavyobeba. Pigeni picha za pande zote nne, na picha ya karibu ya nambari zote mbili. Tafuteni pia risiti ya ile Subaru au hati ya mauzo yake, ili swali la kama injini ililipiwa ushuru ilipoingia nchini lipate jibu papo hapo.

Nasema haya kwa uchungu kidogo. Nilipokuwa nikifanya kazi ya uwakala wa forodha mpakani, mteja wangu alipeleka pampu mbili za kunyunyizia maji zikatengenezwe upande wa pili, nami kwa haraka zangu sikuhakikisha kwamba nambari za pampu zimeandikwa kwenye hati ya kutoka. Hati ilisema tu "pampu 2 zilizotumika". Ziliporudi hapakuwa na njia ya kuthibitisha kwamba ni zile zile, na mzee yule akatozwa ushuru kana kwamba amenunua nyingine. Fedha hizo alikuwa amezitenga kwa ajili ya mbegu. Tangu siku hiyo sijapitisha hati isiyo na nambari.

Mtafuteni wakala wa forodha mwenye leseni, siku kadhaa kabla ya safari, awaandikie hati ya kutoa bidhaa Kenya kwa muda, na apatane na mwenzake wa Uganda kuhusu hati ya kuingiza kwa muda, ambayo huenda ikadai dhamana. Chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, bidhaa iliyoingizwa kwa muda isipotoka katika kipindi ilichopewa hudaiwa ushuru, basi angalieni tarehe mliyoandikiwa na mwache nafasi ya siku mbili tatu, maana gari la mashindano huweza kuvunjika kabla ya kurudi. Barua ya mwaliko kutoka kwa waandalizi iende pamoja na hati hizo. Pikapu na trela nazo zitapewa kibali cha muda cha magari ya kigeni, na mtaulizwa logibuku halisi. Kama pikapu iko kwa jina la mwingine, au benki au sacco ina jina lake humo, pateni barua ya idhini mapema.

Busia ni kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, na maafisa wa nchi zote mbili hukaa katika jengo moja upande wa nchi unayoingia. Maana yake ni kwamba hati za Kenya mtazimaliza mkiwa tayari mmevuka mstari, na mkigundua pale kwamba karatasi imebaki Kisumu, mmeshaziba njia ya malori. Kwa nyinyi wawili, vitambulisho vya taifa vinatosha. Wakati wa kurudi, msipite kabla afisa hajafunga hati zenu zote mbili, na muziweke nakala hizo.

SWALI: Rafiki yangu ni dereva anayepeleka Kampala gari lililoshushwa Mombasa. Limemzimikia Kanduyi. Je, naweza kulivuta kwa gari langu hadi kwa fundi wangu Mumias? Msomaji wa Bungoma.

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Gari hilo bado liko chini ya forodha na linasafiri kwa dhamana ya wakala aliyelitoa bandarini. Mumias si njia yake ya kwenda Malaba. Likionekana huko, litachukuliwa kama bidhaa iliyochepushwa ili iuzwe nchini, na wewe uliyelivuta utahojiwa pamoja na rafiki yako. Ampigie simu wakala huyo sasa hivi, wakala aijulishe forodha, na fundi ndiye aje Kanduyi. Kama halitengenezeki pale, kubebwa kwake hadi Malaba kupangwe na wakala, kwa lori ambalo nambari yake imeshajulishwa.

SWALI: Shemeji yangu wa Tororo amenipa Toyota Corolla ya mwaka 1999 isiyo na hati za usajili. Naweza kuivuta hadi nyumbani na kuisajili Kenya? Msomaji wa Nambale.

JIBU: Huwezi. Kiwango cha Kenya KS 1515 hakiruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lililopita umri wa miaka 8, na hakuna bima wala kibali cha kuvuta kitakachobadilisha umri huo. Gari lisilo na hati lina tatizo jingine pia, kwamba huwezi kuthibitisha lilikuwa la nani kabla ya shemeji yako. Mshukuru kwa moyo wake, na umwombe ashughulikie hati huko huko Tororo, aliuze, kisha akutumie fedha.