Kasi kwa vijana wa sekondari: punguza raundi za uwanja

Mkuu, umeuliza kwa nini vijana wako wa kidato cha pili hawaongezi kasi wakati kila kipindi cha michezo unawazungusha uwanja raundi tano, na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, inakaribia. Nimefundisha michezo sekondari kwa miaka mingi. Raundi zinajenga pumzi. Kasi inajengwa na mwili ambao haujachoka.

Kijana akitimka kwa nguvu zote, nishati iliyo tayari kwenye misuli inaisha ndani ya sekunde chache tu, na inataka dakika mbili tatu kurudi. Ukimrudisha mstarini bado anahema, hapo unamjengea stamina. Kwa hiyo wapashe miili vizuri, kisha anza na kasi, mpira uje baadaye. Mita 20 hadi 30, mara tano au sita, basi.

Darasa la watu 60 tunalilalamikia sana, ila hapa wingi unasaidia. Wapange mistari sita ya watu kumi kumi. Wa mbele wakishavuka alama ndipo upulize filimbi tena, na waliomaliza warudi wakitembea pembeni. Usipopuliza haraka haraka, zamu ikiwafikia tena wameshapumzika. Badilisha mikao ya kuanzia: wamelala kifudifudi, wamechuchumaa, wameupa uwanja mgongo. Wapange pia wawili wawili wakimbizane, wa nyuma aachwe hatua mbili. Hapo hata mvivu anatoa kasi ambayo hukuijua! Kuruka kamba na rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, navyo visidharauliwe.

Jambo ninalokusihi zaidi ni hawa wanaorefuka ghafla, wasichana kwenye miaka 12 hivi, wavulana 14. Aliyekuwa moto kidato cha kwanza sasa anajikwaa, miguu kama ya kuazima. Usimtoe kwenye timu, kasi inaweza kuchelewa kuonekana. Ferdinand Omanyala wa Kenya alitokea kwenye raga, akaingia mbio fupi akiwa na miaka karibu 20, na mwaka 2021 akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Nairobi. Na kijana akilalamika maumivu kwenye kifupa kilicho chini kidogo ya goti, mpunguzie kuruka na kutimka, usimwite mtegaji. Yasipopungua, aende hospitali.

Wapime mita 30 mwanzo na mwisho wa muhula, kila mmoja alinganishwe na muda wake mwenyewe. Saa ya simu inatosha, mradi mpimaji awe yuleyule.