Umekabidhiwa zamu ya zimamoto: watu na hewa kwanza

Siku ya kwanza unapoongoza zamu, mikono itakuwasha kushika mpira wa maji. Usiushike. Kikosi hakikosi mtu wa kumwaga maji. Kinachokosekana ni mtu mmoja anayeliona jengo zima na anayejua kila askari yuko wapi na amebakiwa na hewa kiasi gani. Ukiinamia mpira, kazi hiyo inabaki bila mwenyewe.

Kabla hujamtuma mtu ndani, lizunguke jengo, au mtume askari akaone upande usiouona na akuletee taarifa. Tafuta milango ya kutokea, madirisha yenye nondo, nyaya za umeme zilizolegea na mitungi ya gesi. Kisha usome moshi. Moshi unaotoka na kuvutwa tena ndani kupitia nyufa, pamoja na vioo vyenye moto vilivyofunikwa na masizi, maana yake moto umekosa hewa, na mlango ukifunguliwa ovyo unaweza kulipuka usoni mwa aliyeufungua. Mlango usiguswe mpaka mpira umejaa maji na uko mkononi. Dirisha lisivunjwe na mtu yeyote mpaka utoe amri, kwa sababu hewa inayoingia nyuma ya jengo huwaunguza walio mbele.

Kwa walio ndani, dalili za kuondoka ni moshi kushuka haraka kuelekea sakafuni, ndimi za moto kutambaa chini ya dari, na joto kuwalaza chini. Gesi za darini zikifikia nyuzi joto 500 hadi 600 za Selsiasi, chumba kizima huwaka kwa mkupuo. Wakati huo hakuna muda wa kujadiliana, kwa hiyo wafundishe kabla kwamba anayeona dalili hizi anatoka na mwenzake bila kuomba ruhusa.

Sasa hewa, na hapa soma taratibu. Mtungi wa hewa wa mgongoni unaotumika sana una ujazo wa lita 6.8 na hujazwa kwa mgandamizo wa bari 300 (bari ni kizio cha mgandamizo). Zidisha, utapata lita 2,040 hivi za hewa. Kwenye karatasi mtu huhesabiwa lita 40 kwa dakika, ndiyo maana wengi hudhani wana dakika 50. Lakini anayepanda ngazi akiburuta mpira uliojaa maji, ndani ya mavazi mazito, huweza kufikia lita 80 hadi 100 kwa dakika. Toa akiba ya bari 50, yaani lita 340, ambayo haiguswi. Zinabaki lita 1,700, sawa na dakika 17 hadi 21. Humo mna kuingia, kufanya kazi na kutoka.

Filimbi ya mtungi hulia mgandamizo ukikaribia bari 55. Askari wapya huichukulia kama ishara ya kuanza kutoka, na hilo ni kosa linaloua. Filimbi inapolia, mtu anatakiwa awe ameshafika nje. Tumia hesabu hii: hewa iliyotumika kuingia, izidishe mara mbili kwa ajili ya kutoka, kisha ongeza akiba. Wameingia na bari 290, wamefika penye moto na 230, basi wametumia 60. Wape 120 za kutokea, ongeza 50, jumla 170. Geji, yaani kipimo cha mgandamizo wa mtungi, ikisoma 170 wanageuka, hata kama moto umebaki kidogo tu. Inazidishwa mara mbili kwa sababu wakati wa kutoka watu wamechoka, moshi umeshuka, na huenda wamembeba majeruhi. Geji inayofuatwa ni ya yule mwenye hewa ndogo kuliko wote. Usichukue wastani.

Mambo haya hayakai kichwani. Weka askari mmoja mlangoni mwenye ubao, saa na redio, asiyepewa kazi nyingine yoyote. Aandike jina, mgandamizo wa kuingilia, saa ya kuingia, sehemu wanayoelekea na kazi waliyopewa. Aulize geji kila baada ya dakika 5, maana mtu aliye ndani ya moshi hupoteza kabisa hisia ya muda. Watu wanaingia wawili na wanatoka wawili, na wawili wengine wanasubiri nje wakiwa wamevaa kila kitu, barakoa tu ndiyo haijafungwa. Hesabu ya watu wote ifanyike kila dakika 10, na tena kila jambo kubwa linapobadilika: dari imeanguka, moto umehamia ghorofa nyingine, au umeamua kupambana kutoka nje. Jibu linalokubalika lina idadi, mahali na geji ya chini. “Tuko sawa” haikuelezi kitu.

Amri ya redioni irudiwe na aliyeipokea kwa maneno yake muhimu, ili usikie alichoelewa. Atakayepotea au kunaswa aseme yeye ni nani, yuko wapi, limempata nini na ana hewa kiasi gani. Watu huona aibu na huita wakiwa wamebakiwa na hewa ya dakika chache. Aibu hiyo huondolewa kituoni: wafanye mazoezi ya kuita wakiwa wamevaa barakoa, na asichekwe aliyeita kisha akajinasua mwenyewe. Mwito ukija, nyamazisha redio, tuma wale wawili waliosubiri, na wanaozima moto waendelee kuuzima. Wote wakikimbilia uokoaji, moto unamfuata aliyenaswa.

Kuna uamuzi mmoja mzito kuliko yote. Tarehe 3 Desemba 1999, katika mji wa Worcester, Marekani, ghala kubwa la baridi lisilo na madirisha ya kutosha liliwaka. Askari wawili walipotea ndani wakitafuta watu waliodhaniwa wamo. Wengine wanne walioingia kuwatafuta hawakurudi. Kiongozi Mike McNamee alisimama mlangoni akawazuia waliotaka kuingia tena. Wafu walikuwa 6, na wangekuwa wengi zaidi. Uamuzi wa namna hiyo haubuniwi palepale mlangoni. Jiulize mapema: je, kuna mtu anayeweza kuwa hai ndani? Jengo litasimama kwa dakika ngapi? Kama jibu la kwanza ni hapana, usihatarishe askari kwa ajili ya mali.

Baada ya mitungi miwili, askari apumzike angalau dakika 20, anywe maji na apimwe mapigo ya moyo kabla ya kurudi kazini. Usimwachie aamue mwenyewe, kwa sababu atasema yuko tayari. Mavazi yamwagiwe maji kabla barakoa haijavuliwa, kisha yafungwe kwenye mfuko na yasipande ndani ya kabini, kwani tangu 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kazi ya zimamoto katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Mwishowe kagua mitungi mmoja mmoja. Ulioshuka chini ya bari 270 ubadilishwe kabla gari halijaondoka, maana mwito unaofuata unaweza kuingia mkiwa bado njiani.