Ukianza vikao vya ushauri nasaha ukiwa Lamu, uliza bei kwanza

Wenzangu wa Lamu wakiniuliza kuhusu vikao vya ushauri nasaha, jambo la kwanza ninalowaambia ni waulize bei kabla ya kueleza shida. Tumelelewa kuona haya kutaja pesa mbele ya mtu anayetutibu, hasa machozi yakiwa karibu. Lakini tiba hii si sindano ya siku moja. Kikao huchukua dakika 50 hivi, aghalabu mara moja kwa wiki, na ile tiba ya kukagua fikra na mwenendo kwa kawaida huenda vikao 6 hadi 20. Ukitenga pesa ya kikao kimoja au viwili, utakuwa umelipia kusimulia uchungu wako, na ile kazi ya kuutibu ikabaki haijaanza.

Mimi nilianza baada ya mama kufariki. Usiku moyo ulinienda mbio, mikono ikafa ganzi, nikaona ndiyo mauti yamefika. Hospitalini walinipima, moyo ukaonekana mzima, na daktari akanielekeza kwa mshauri. Niliyempata alikuwa Mombasa, ada yake shilingi 2,500. Kwa mwezi ni 10,000, na hapo bado sijavuka kwa boti hadi Mokowe, sijapanda basi la kupitia Witu na Garsen, wala sijalipia pa kulala, maana safari hiyo huendi ukarudi siku hiyo hiyo. Kwetu sisi wa kisiwani, nauli na malazi vinaweza kuipita ada yenyewe. Basi ukipiga hesabu, viweke pamoja.

Nilimweleza hali yangu waziwazi, naye akanipa njia: kikao cha kwanza ana kwa ana, vilivyobaki kwa simu, na ada akaipunguza. Washauri wengi wana bei ya mwenye kipato kidogo, ila hawaitangazi, lazima uulize. Uliza pia kama unalipa kabla au baada, na ukikosa kufika itakuwaje. Wengi hutaka taarifa saa 24 kabla, la sivyo wanakutoza. Ukipitia M-Pesa, hifadhi ule ujumbe na uombe risiti, maana bima haitakusikiliza bila risiti.

Nikishataja bima, niseme yote. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya, tangu ile ya mwaka 1989, inakataza kampuni ya bima kumbagua mtu kwa sababu ya maradhi ya akili. Hata hivyo, zipo bima zinazotaka barua ya daktari na idhini yao kabla hujaketi na mshauri, kwa hiyo piga simu mapema. Kama bima ni ya kazini, uliza nani anaziona fomu zako za matibabu. Kwa upande wa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara na mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Ukifika kituoni, uliza dirishani kama ushauri nasaha umo, kabla hujafunguliwa faili.

Pesa zikiwa haba kabisa, anza hospitali ya serikali. Au tafuta wanafunzi wa fani hii wanaofanya mazoezi chini ya msimamizi, mara nyingi ada yao huwa ndogo. Usiwadharau, kila wanalofanya linapitiwa na mkubwa wao. Mtu wa kumwogopa ni yule asiyetaka kuulizwa alisomea wapi. Tangu sheria ya mwaka 2014, washauri na wanasaikolojia wana bodi inayowasajili, kwa hiyo kumwomba mtu akuonyeshe usajili wake si utovu wa adabu. Na ujue kwamba mshauri haandiki dawa. Akiona unahitaji dawa atakupeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili, na hilo halina maana kwamba umekuwa mwendawazimu.

Kuna hali moja tu ambayo hungoji kuuliza bei. Ukijiwa na fikra za kujiua, nenda hospitali iliyo karibu usiku huo huo. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bila malipo. Mwambie na mtu wa nyumbani, asikuache peke yako.

Kikao cha kwanza chenyewe kina maswali mengi kuliko majibu. Utaulizwa usingizi, chakula, ukoo, dawa unazotumia. Huenda ukapewa fomu ya maswali 9 kuhusu majuma mawili yaliyopita. Jibu kweli, usijibu la kupendeza. Mshauri atakueleza siri zako zinalindwa vipi, na ni lini atalazimika kuzitoa, kwa mfano maisha ya mtu yakiwa hatarini. Hatakwambia ufanye nini. Mimi nilitoka nimechoka kama mtu aliyeogelea dhidi ya mkondo, na siku mbili zilizofuata nilikuwa mzito zaidi. Hilo huwatokea wengi. Jipe vikao vitatu au vinne kabla ya kuamua kwamba mtu huyo hakufai, na ukiamua hivyo, mwambie. Wenye kazi hiyo hawakasiriki.

Kikao cha simu kinataka faragha, nayo Lamu ni adimu. Nyumba zetu za mawe zimeshikana ukuta kwa ukuta, na kiwandani, yaani uani ndani ya nyumba, sauti inapanda mpaka juu. Nilijaribu darini, jirani akawa anaanika nguo. Mwisho nikawa natembea njia ya Shela maji yakitoka, napanga saa ya kikao kwa bamvua na maji mafu, yaani maji makubwa na madogo ya bahari, naugeuzia mgongo upepo wa kusi ili mshauri anisikie. Jaza chaji na bando kabla, na mwambie mapema mnachofanya laini ikikatika.

Utaulizwa pia kwa nini huendi kusomewa Kurani. Mimi nilisomewa, na nilikwenda kwa mshauri, na hakuna hata mmoja kati ya sheikh na mshauri aliyenikataza mwenzake. Kisomo kilinituliza. Kwa mshauri nilijifunza kuwa ule moyo kwenda mbio ni hofu, na kwamba nikipumua taratibu bila kukimbia, hupanda kisha ukashuka.

Pesa zikianza kukuishia, usipotee kimya. Mwambie mshauri vikao viwili kabla, mpange kuvitenganisha, kila baada ya wiki mbili, kisha kwa mwezi, na akuandikie mazoezi ya kufanya mwenyewe hapo katikati.