Kabati la kemikali kwanza, mabango na mafunzo baadaye

Fundi mmoja wa labo hapa Lubumbashi ameniandikia wiki hii. Amekabidhiwa ufunguo wa kabati la kemikali ambalo halijapangwa kwa miaka, na mkubwa wake amemwagiza amwage kila kitu kwenye shimo nyuma ya jengo kabla wakaguzi hawajafika. Anauliza aanzie wapi. Ndugu yangu, usimwage hata tone. Namjibu hadharani kwa kuwa swali lake ni la labo nyingi, na sote tunataka jambo lilelile: mwanafunzi aingie na macho mawili, atoke nayo yote mawili.

Agizo la kumwaga lijibu kwa barua fupi, ubaki na nakala. Sheria ya kazi ya Kongo nambari 015/2002 ya 16 Oktoba 2002 ina sehemu nzima juu ya afya na usalama kazini, na sheria nambari 11/009 ya 9 Julai 2011 inalinda mazingira. Inauma kuona kazi hii ya usalama ikihesabiwa kuwa ya kufagia na kupaka rangi kila ukaguzi unapokaribia.

Sasa kabati. Siku ya kwanza tazama tu, bila kugusa. Tafuta asidi ya pikriki, unga wa njano ambao huhifadhiwa ukiwa umeloa, maji yasipungue asilimia 30. Ikikauka ni kilipuzi, na kuzungusha kifuniko chenye vumbi lake kunaweza kutosha kuiwasha. Tafuta na etha, kiyeyushi kinachowaka upesi. Ikikaa muda mrefu hutengeneza peroksidi, ambazo nazo hulipuka. Ukiona fuwele shingoni mwa chupa, iache palepale, funga chumba, mjulishe mkuu wa idara kwa maandishi. Etha iliyofunguliwa isizidi miezi 6, ndiyo maana tarehe ya kufungua huandikwa kwenye chupa siku hiyohiyo.

Baada ya hapo ndipo ufungue daftari: jina, ukolezi, kiasi kilichobaki, tarehe, rafu. Chupa isiyo na kibandiko iandikwe "haijulikani" na ikae peke yake. Usiinuse ili kuitambua.

Kupanga kwa alfabeti ni hatari, na kwetu zaidi, kwa sababu vibandiko ni vya Kifaransa na asidi zote zinaangukia herufi A. Matokeo yake nitriki, ambayo huchochea moto, inakaa bega kwa bega na asetiki, ambayo inawaka. Nitriki ipewe beseni lake la plastiki, rafu ya chini. Beseni liweze kubeba asilimia 110 ya chupa kubwa iliyomo: chupa ya lita 2.5 inataka beseni la lita 3. Na ule unga mweupe unaotanda juu ya chupa zote, hata zile ambazo hakuna aliyezigusa, si vumbi la barabara. Mara nyingi ni mvuke wa asidi hidrokloriki uliokutana na amonia, maana yake chupa hizo mbili zimewekwa pamoja na vifuniko vyake havibani.

Chupa ya taka inaumiza watu kuliko chupa mpya. Mtu anasuuza vyombo kwa alkoholi au asetoni, anamwagia ndani ya chupa iliyobaki na nitriki, anakaza kifuniko, anarudi nyumbani. Mmenyuko unaanza taratibu. Saa kadhaa baadaye gesi ya kahawia imejaa, chupa inapasuka, na vipande vya chupa pamoja na asidi vinaruka chumba kizima. Basi taka za nitriki zisichanganywe na kitu chochote cha kikaboni, kifuniko chake kiwe cha kupumua, na sehemu moja ya kumi ya chupa ibaki tupu. Mchanganyiko wa hidrokloriki sehemu 3 na nitriki sehemu 1, ule wa kuyeyushia madini, utengenezwe wa kazi ya siku hiyo tu na usifungiwe kamwe. Javeli, ile dawa ya kusafishia, nayo itoke labo, kwa kuwa ikikutana na asidi inatoa klorini, gesi ya sumu. Mama anayesafisha aelezwe haya kwa Kiswahili, ana kwa ana. Bango la Kifaransa mlangoni halimlindi.

Taka nyingi zetu ni za shaba na kobalti. Hakikisha kwanza hazina sianidi wala amonia. Ongeza maziwa ya chokaa, yaani chokaa iliyokorogwa na maji, kidogo kidogo huku ukikoroga, maana joto hupanda, mpaka pH, kipimo cha uasidi, ifike kati ya 9 na 10. Acha yatulie usiku kucha, chuja, pima metali iliyobaki, kisha shusha pH chini ya 9 kabla ya kuyaachilia maji. Tope libaki kwenye ndoo yenye kibandiko. Nalo ni taka.

Anayeyeyusha mawe kwa asidi hidrofloriki asianze kazi bila jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5, dawa ya kupaka ngozi iliyoguswa na asidi hiyo, mkononi. Asidi hiyo ikiwa hafifu, maumivu huchelewa kwa saa nyingi huku ikiendelea kupenya.

Halafu maji. Jicho lililoingiwa na asidi huoshwa dakika 15 mfululizo. Kanuni ya Marekani ANSI Z358.1 inataka angalau lita 1.5 kwa dakika kwa macho na karibu lita 76 kwa bafu la mwili, yaani kama lita 23 na lita 1,140 kwa ajali moja. Bomba likikauka mchana, bafu la dharura linabaki pambo. Weka tangi la lita 1,500 juu, lisilounganishwa na choo, na ufungue mabomba kila wiki mpaka kutu itoke.

Umeme nao ukikatika, feni ya kabati la kuvuta mvuke inasimama, lakini sahani ya moto, kwa joto lililobaki, inaendelea kuchemsha asidi. Shusha kioo, chomoa plagi, toa wanafunzi wote. Jenereta ikishawaka, ngoja feni izunguke dakika kadhaa kabla ya mtu yeyote kurudi, na jenereta yenyewe isikae chini ya dirisha la labo.