Anzeni na kabati

Mhariri, wiki hii mmeuliza: shule ikipata fedha za kuwanunulia wanafunzi vishikwambi, ianzie wapi? Wengi watawajibu "kwa walimu", na sina ugomvi nao. Ila mimi nimewahi kukabidhiwa funguo za kabati lenye vishikwambi 40, kwa hiyo naanzia hapo.

Watu wakisikia vifaa 40 huogopa bili ya umeme. Chaja 40 za wati 10 ni wati 400. Pasi inakula zaidi ya hapo. Shida ni soketi. Chumba chetu kilikuwa nazo mbili. Tukachomeka ekstensheni juu ya ekstensheni, kabati tukalifunga kwa kuogopa wezi, na asubuhi nikilifungua joto linanipiga usoni kama nimefunua chungu. Betri za lithiamu haziwezani na joto. Ikaja likizo ndefu, tukaviacha vimeisha chaji kabisa. Tuliporudi, sita havikuwaka tena. Siku hizi likizo naviacha kwenye nusu ya chaji. Mpango wetu ulijaa picha za watoto wanaotabasamu, lakini hilo halikuwemo.

Halafu kuna dakika. Kipindi ni cha dakika 40: gawa, washa, huyu kasahau nywila, kusanya, hesabu. Dakika 15 zimekwenda na somo halijaanza. Bandikeni namba mgongoni mwa kila kifaa, na mwanafunzi ashike namba ileile mwaka mzima. Kioo kikipasuka hamtatafuta mchawi.

Vizuizi vya intaneti visiwape usingizi mnono. Los Angeles walipogawa iPad mwaka 2013, haikuchukua muda zaidi ya wanafunzi 300 wakafuta mipangilio ya udhibiti na kuingia walikotaka. (Nakiri nilicheka.)

Kuhusu walimu, Peru iligawa kompyuta ndogo kwa wingi mashuleni, na tathmini iliyotolewa mwaka 2012 haikuona watoto wakiboreka katika hisabati wala lugha. Kifaa peke yake hakitoshi, kwa hiyo mwalimu apewe kishikwambi chake muhula mzima kabla ya mwanafunzi, akitumie hata nyumbani, mpaka aseme mwenyewe ni somo gani kinamsaidia na lipi chaki inatosha.

Na darasa likiwa la watoto 40, agizeni 44, vinne viwe vya akiba.