Likeri ya kahawa ya nyumbani: leo najibu maswali yenu

Tangu niseme hapa kwamba ile chupa niliyowapa wageni Krismasi niliitengeneza mwenyewe jikoni kwangu, maswali hayajakoma, na mengi yanafanana, kwa hiyo nimechukua machache nijibu yote leo. Ila tuelewane kwanza. Likeri ni pombe kali iliyotiwa ladha na sukari, basi, hupiki kitu kama wapika gongo. Ulaya sheria yao inataka iwe na alkoholi isiyopungua asilimia 15 na sukari angalau gramu 100 kwa lita. Na ile ya kahawa inayojulikana kuliko zote, Kahlúa, ilianza Veracruz huko Mexico mwaka 1936, kwa ramu ya miwa na kahawa ya arabika. Sasa sisi miwa tunayo, arabika tunayo tena ya kutamaniwa, alafu tunasubiri chupa ije na meli. Hiyo kitu inaniuma kweli.

Mambo dada, niko Tabata. Naomba resipe moja tu ya uhakika yenye vipimo vyote, sitaki kubahatisha.

Poa mdogo wangu. Chukua kahawa iliyokaangwa gramu 150, isagwe chenga chenga, yaani ukiishika vidoleni usikie punje, isiwe unga kabisa. Iloweke kwenye maji ya kunywa mililita 700, ya baridi, funika, weka kwenye friji masaa 12 mpaka 14, ukiiloweka jioni asubuhi unachuja. Usishtuke ukipata kama mililita 400 tu, kahawa inakunywa maji mengi sana. Hiyo kahawa ipashe moto kidogo na sukari gramu 300, koroga mpaka sukari iishe yote, isichemke, ikiyeyuka zima jiko na uiache ipoe kabisa, nimesema kabisa, ndio unamimina Konyagi chupa nzima ya mililita 750. Pombe haiendi motoni hata siku moja, alkoholi inachemka kwenye nyuzi 78 tu, mvuke wake ukikutana na moto wa gesi ni hatari kwa nyumba nzima.

Tia vanila moja, ile ganda lenyewe, uipasue katikati, mimina vyote kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, weka kabatini gizani wiki mbili. Siku ya kwanza itakuwa na ukali wa pombe na kahawa kila mtu kivyake, wiki ya pili utaona zimeshikana. Kwa kuwa Konyagi ni asilimia 35, hesabu yake mwishoni inakaa karibu asilimia 20, imeshalewesha hiyo, usiipime kama juisi.

Dada, nikitumia gongo si itakuwa rahisi zaidi? Kuna mtu anapika vizuri tu, namwamini.

Hapana. Najua unamwamini na sisemi ni mtu mbaya, ila yeye mwenyewe hana kipimo cha kujua nini kimo ndani ya lile dumu, na likishapita mkono wa pili na wa tatu ndio kabisa. Kinachoua ni methanoli. Inanukia pombe, inalewesha kama pombe, alafu ini linaigeuza kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho, na mbaya zaidi dalili zinaweza kuchelewa masaa 12 au siku nzima, mtu analala vizuri anaamka anaona ukungu. Kenya Mei 2014 makumi ya watu walikufa kwa pombe ya hivyo, Embu na kaunti nyingine, na wengine wakabaki vipofu. Na msidanganyane ile ya kuwasha kiberiti muangalie rangi ya moto, haithibitishi chochote, kwenye mchanganyiko hutaiona hiyo tofauti. Kahawa na sukari pia hazipunguzi sumu, zinaificha tu ladha. Nunua chupa ya kiwandani yenye stempu ya TRA, mamlaka ya mapato, na mtu akinywa kitu alafu akalalamika macho, usimpe maziwa wala maji ya limao, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Mimi niko Bukoba, kahawa yetu ni robusta. Watu wanasema haifai, ni kweli? Na ile ya kukoroga je?

Nimelipenda swali lako. Robusta ina uchungu mzito na kafeini karibu mara mbili ya arabika, ndio maana wanaoizoea arabika wanaikimbia, lakini likeri sio kikombe cha kahawa. Humu ndani kuna sukari nyingi na pombe, na vyote viwili vinafunika ladha nyepesi, kwa hiyo ule uzito wa robusta unasaidia, unaisikia kahawa mpaka mwisho. Mimi nikiwa nayo nachanganya, sehemu mbili arabika sehemu moja robusta. Ukitumia robusta tupu punguza iwe gramu 110 hivi na masaa yasizidi 10. Na nyie watu wa Kagera kahawa mmeitafuna tangu enzi za mababu, mnampa mgeni kama heshima, na vanila pia inalimwa huko huko kwenu, yaani una kila kitu mlangoni, mimi ningekuwa huko ningejaribu hata mara tatu kwa mwezi.

Muhimu kuliko aina ni ukaangaji na siku ya kukaanga. Ikaangwe mpaka iwe rangi ya chokoleti, usisubiri iwe nyeusi inayong'aa mafuta, ile ikilowekwa inatoa ladha ya mkaa na hakuna sukari itakayoiondoa. Na iwe ya karibuni, wiki mbili tatu. Bibi yangu Kibosho, Kilimanjaro, alikuwa na mibuni kihambani, yaani shamba la nyumbani, chini ya migomba, kila msimu tunachuma, tunamenya, tunaanika, inabebwa yote kwenda chama cha msingi cha ushirika, alafu jioni nyumbani tunakunywa chai ya rangi. Nilikuwa mtu mzima ndio nikaonja kahawa ya kwetu iliyokaangwa vizuri, nikakaa kimya nikawa nafikiria wale watu wote waliolima miaka 50 bila kuionja. Kwa hiyo nikisema nunua kahawa nzuri, hata kama pombe utanunua ya kawaida, ndio maana yangu hiyo, hela yako ipeleke kwenye kahawa.

Ya kukoroga inafaa ukiwa na haraka. Chukua Africafe, ile ya unga unaoyeyuka, vijiko vitano vya mezani kwenye maji ya moto mililita 400, mengine yote yale yale. Haina tope, haihitaji kuchuja, ila harufu yake ni fupi, na baada ya miezi miwili naona inapotea.

Yangu imekuwa chungu mpaka ulimi unakufa ganzi, na chini kuna tope. Nimwage?

Usimwage! Kwanza nikuulize, kahawa ulisaga laini alafu ukaiacha humo humo ndani ya pombe siku nyingi? Mimi ya kwanza niliifanyia hivyo, kahawa laini kama unga, ndani ya Konyagi wiki mbili nzima nikidhani ndio inakolea, ikawa kama nimechemsha mwarobaini. Pombe inavuta haraka kuliko maji, na ikishamaliza utamu na harufu inaendelea kuvuta uchungu, haina pa kusimama. Ukipenda kuloweka kwenye pombe moja kwa moja inawezekana, ila chenga, gramu 100 kwa chupa, masaa 12 mpaka 18, kisha toa.

Ya kwako sasa hivi iache friji usiku mzima bila kuitikisa, tope litakaa chini, mimina ya juu taratibu kwenye chombo kingine, alafu pitisha kwenye kitambaa cheupe cha pamba ulichokifua kwa maji ya moto bila sabuni. USIKAMUE. Najua mikono inawasha kukamua kile kitambaa maana unaona mali imebaki, lakini ukikamua unarudisha tope lote. Ikidondoka polepole kaa ufanye kazi nyingine. Uchungu ukibaki ongeza sukari gramu 50 iliyoyeyushwa kwenye maji kidogo, na chumvi, punje chache tu kati ya vidole viwili, chumvi inatuliza uchungu kuliko sukari na watu hawajui.

Sukari guru inafaa?

Inafaa sana, ila nusu kwa nusu na nyeupe. Ikiwa tupu inatawala, unakunywa miwa. Iyeyushe peke yake kwanza uichuje, huwa ina vitakataka.

Nilitaka iwe ya maziwa kama zile za dukani, nikamwagia maziwa fresh yakakatika yote. Nilikosea wapi?

Pole mama. Kahawa ina asidi, pombe nayo inagandisha protini ya maziwa, na maziwa fresh ni mepesi hayana cha kuyashikilia. Tumia maziwa mazito ya kopo yenye sukari, kopo moja, na krimu ya kupikia mililita 200, vikoroge pamoja kwanza vyote vikiwa baridi, alafu likeri mililita 300 unaimimina kidogo kidogo huku unakoroga, isiwe maziwa ndio yanamiminwa kwenye likeri. Na hii tafadhali isikae kabatini. Ukishaongeza maziwa alkoholi inashuka mpaka asilimia 7 au 8, haiwezi tena kujilinda, kwa hiyo friji, na ndani ya wiki moja iwe imeisha. Zile za dukani zinakaa muda mrefu kwa sababu kiwandani wana mashine za kuvunja mafuta yawe chembe ndogo sana, jikoni hatuna.

Ile isiyo na maziwa inakaa mwaka bila shida ukiiweka mbali na jua, ila harufu nzuri ni miezi sita ya mwanzo. Chupa ya kioo tu, sio ya plastiki ya maji.

Sasa dada, niko Thika, huku wengi tunatumia Kenya Cane. Itaweza?

Itaweza vizuri kabisa, ni spiriti ya miwa, imekaa kuelekea ramu, na ramu na kahawa ni ndugu. Angalia tu kahawa yenu, zile aina za mibuni SL28 na SL34 zina uchachu wa matunda, ndio sifa yake dunia nzima, na kwenye likeri uchachu ukizidi unafanana na kitu kilichoharibika. Mwambie anayekukaangia aipeleke mbele kidogo kuliko anavyokaanga ya kunywa, na badala ya vanila jaribu ganda la chungwa, ile rangi ya juu tu bila sehemu nyeupe, siku mbili kisha toa. Utaniambia.

Mke wangu ni mjamzito, kakijiko tu kwenye aiskrimu kana shida?

Asitumie kaka. Hakuna kiasi cha pombe kilichothibitishwa kuwa salama kwa mimba, hata kijiko. Mtengenezee ile isiyo na pombe, ya swali la mwisho, ila naye apunguze, maana ina kafeini.

Marafiki wameipenda wananiambia niuze. Naanzaje?

Kuwapa marafiki waliokuja kwako ni kitu kimoja, kuuza ni kingine kabisa. Pombe inataka leseni ya vileo, bidhaa ipite TBS, shirika la viwango, ushuru na stempu za TRA, na sehemu ya kutengenezea inayokaguliwa, sio jiko la nyumbani. Usianze kwa kuuza kimya kimya mtandaoni, chupa moja ikimdhuru mtu huna pa kusimama. Kama una nia kweli nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakueleze hatua. Na kwa umri ulio chini ya miaka 18 hata zawadi usitoe.

Assalaam alaykum dada. Mimi niko Tanga, ni Muislamu, sinywi pombe, lakini unavyoisimulia hiyo harufu ya kahawa na vanila natamani. Kuna njia?

Waalaykum salaam, ipo, na nyie watu wa pwani kahawa ya kikombe mnaijua vizuri. Tengeneza kahawa ile ile ya kuloweka, gramu 150 kwa maji mililita 700, ukishachuja weka sufuriani na sukari gramu 400, iliki sita ulizozitwanga, kipande cha tangawizi na mdalasini, hii sasa ichemke kwa moto mdogo dakika 15 mpaka 20 mpaka ukichota na kijiko inateleza kizito kama asali nyepesi. Chuja ikiwa ya moto, mimina kwenye chupa uliyoichemsha, friji, wiki tatu inakaa. Vijiko viwili kwenye glasi ya maziwa baridi na barafu, au juu ya aiskrimu, na kipande cha kashata pembeni.

Kitu kimoja cha kuangalia, vanila. Ile ya kichupa iliyoandikwa ekstrakti mara nyingi imelowekwa kwenye alkoholi, wakati mwingine asilimia 35 kama Konyagi yenyewe, na watu wengi wanaitia kwenye keki bila kujua. Tumia ganda lenyewe, lipasue kwa ncha ya kisu, kwangua zile mbegu nyeusi uzitie sufuriani dakika tano za mwisho, ganda lililobaki lichomeke kwenye kopo la sukari.